Mtoto Mbele ya Mchoro wa Mnyama

Mtoto anapopelekwa kwenye jumba la makumbusho ili agundue maumbile katika kazi za sanaa, hupewa kazi iliyobeba swali zito. Hutakiwa kutafuta ndege, majani, mawimbi na wanyama mahali ambapo hakuna hata kimoja cha hivyo. Kilichopo ni rangi juu ya turubai, mbao iliyopitiwa patasi, jiwe lililochongwa. Akinyoosha kidole na kusema yule pale ni simba, amesema kweli, na bado chumbani hamna simba. Watu wazima hulipita jambo hili bila kusita kwa kuwa wamelizoea. Wanafalsafa na wanavyuoni wa dini hawakulipita. Wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na majibu yao yana uzito katika namna mwalimu au mzazi anavyosimama na mtoto mbele ya picha.

Mwenye shaka kubwa zaidi ni Plato. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anamfananisha mchoraji na mtu anayezungusha kioo huku na huku: kwa muda mfupi mtu huyo huonekana ameumba jua, nyota, mimea na wanyama wote, ila alichoumba ni sura tupu. Seremala hutengeneza kitanda kwa kufuata wazo la kitanda. Mchoraji hukifuata kitanda cha seremala, tena upande mmoja tu, ule unaoonekana kutoka pale alipokaa. Kwa hiyo kazi yake ni nakala ya nakala. Plato anawataja hata watoto: mchoraji hodari akichora seremala na kuwaonesha watoto picha hiyo kwa mbali, watadhani ni seremala wa kweli. Kwa fikra hiyo, kumpeleka mtoto makumbusho akatafute maumbile ni kumzoesha kuridhika na kivuli.

Aristotle, mwanafunzi wake, alimjibu kwa kuanzia kwa mtoto huyohuyo. Katika kitabu chake kuhusu ushairi anasema kuiga kumo ndani ya binadamu tangu utotoni. Binadamu huwapita wanyama wengine wote kwa kuiga, na masomo yake ya kwanza huyapata kwa njia hiyo. Picha hufurahisha hata pale kitu chenyewe kinapochukiza: watu hutazama kwa raha mchoro wa mnyama wa kutisha au wa maiti, ilhali wangeyageuza macho mbele ya kitu chenyewe. Sababu yake ni kwamba kujifunza ni raha kwa kila mtu, na mbele ya picha mtazamaji hutambua kwamba hiki ni kile. Kisha Aristotle anaongeza sharti ambalo waongozaji wa makumbusho wangefaa kulibandika ukutani: asiyewahi kukiona kitu chenyewe haipati furaha hiyo ya kutambua. Atakachofurahia ni ufundi, au rangi, au sababu nyingine ya namna hiyo.

Leo hali ambayo Aristotle aliitaja pembeni imekuwa ya kawaida. Mtoto wa Dar es Salaam au Nairobi humjua simba kutoka vitabuni, kwenye katuni na kwenye simu ya mzazi, na huenda akafika utu uzima bila kumwona aliye hai. Mjusi wa ukutani na kunguru wa jalalani wako mbele yake kila siku, lakini hawatazami. Kwake picha imekitangulia kitu. Siku akifika mbugani atasema mnyama anafanana na yule wa kitabuni, na kwa maneno hayo nakala imegeuka kuwa kipimo cha asili yake. Hapo shaka ya Plato inarudi na nguvu mpya, na haifai kupuuzwa kwa jibu jepesi kwamba picha ni picha tu.

Historia ya sanaa ina mifano miwili inayofaa sana kwa kulifundisha jambo hili, na yote miwili ni ya wanyama wanaofahamika Afrika Mashariki. Wa kwanza ni kifaru. Mwaka 1515 meli ya Wareno ilifika Lisbon kutoka India ikiwa na kifaru hai, zawadi ya Sultani Muzaffar wa Gujarat. Albrecht Dürer, mchoraji wa Nürnberg huko Ujerumani, hakumwona kamwe. Alipata maelezo yaliyoandikwa pamoja na mchoro mwepesi wa mtu mwingine, na kwa hayo akachora taswira iliyochapwa kwa ubao na kuenea Ulaya nzima. Kifaru wake amevaa ngozi iliyounganishwa kama deraya, miguu ina magamba, na juu ya mabega kumechomoza pembe ndogo ya pili ambayo hakuna kifaru aliyewahi kuwa nayo mahali hapo. Mnyama mwenyewe alizama mwanzoni mwa mwaka 1516, meli iliyokuwa ikimpeleka kwa Papa ilipovunjika karibu na pwani ya Italia. Picha ikabaki. Kwa zaidi ya karne mbili waandishi wa vitabu vya wanyama waliendelea kuinakili, pembe ya mabegani ikiwemo.

Mbele ya taswira kama hiyo mwalimu hujaribiwa kusema kwamba mchoraji alikosea, kisha kuendelea na safari. Kufanya hivyo ni kuufunga mlango mapema mno. Mtoto akiulizwa ni maneno gani ya barua yangeweza kumfanya mtu achore ngozi ile kama mabamba ya chuma, ataanza kufikiri kuhusu mikunjo mizito ya ngozi, ambayo kifaru wa India anayo kweli. Akioneshwa kando yake picha ya kifaru wa Afrika, mwenye pembe mbili zilizofuatana puani na asiye na mikunjo ya namna ile, atagundua kwamba hata jina moja la mnyama linafunika viumbe tofauti. Kosa la Dürer linafundisha kuliko picha nyingi zilizo sahihi, kwa kuwa linaonesha waziwazi palipo na macho ya mtu na palipo na ngano aliyosimuliwa.

Mfano wa pili ni twiga. Mwaka 1414 mtawala wa Bengal alimpelekea Mfalme Yongle wa China twiga, na mwaka uliofuata akaja mwingine aliyetolewa na Malindi, wakati meli za amiri wa China Zheng He zikisafiri katika Bahari ya Hindi. Maofisa wa ikulu walimwona mnyama huyo kuwa ni qilin, kiumbe wa hadithi za kale za Kichina anayesemekana kutokea pale nchi inapotawaliwa kwa haki. Shen Du, mwandishi wa hati nzuri katika ikulu, alitunga maneno ya kumsifu, nayo yakawekwa juu ya mchoro wa twiga akiwa na mtunzaji wake anayeshika kamba. Shingo ni ya twiga, pembe fupi ni za twiga, mwinamo wa mgongo ni wa twiga. Madoa, hata hivyo, yamepangwa kama wavu ulio sawasawa kila mahali, karibu na magamba ambayo hadithi humpa qilin. Mtoto wa Malindi akikitazama kitu hiki anatazama mnyama wa kwao kupitia imani ya watu wengine. Twiga hakubadilika baharini. Kilichobadilika ni swali ambalo watazamaji walikuwa nalo kabla hajashushwa melini.

Mifano hii miwili inaelekea kwenye jambo ambalo Plato hakulipa nafasi. Kioo hakichagui, mchoraji huchagua. Anachopata mtoto katika picha ya mnyama ni mnyama aliyekwisha kutazamwa na mtu, kwa juhudi fulani, katika hofu au heshima au haraka fulani. Maumbile yaliyomo katika sanaa ni maumbile yenye shahidi. Kumsaidia mtoto kuyagundua kunamaanisha kumsaidia kumwona na shahidi pia, na kupima ushahidi wake.

Dini nazo zimekuwa na neno zito hapa, na katika nchi zenye watoto wengi wa Kiislamu si haki kulizunguka. Hadithi za Mtume zinawaonya wanaotengeneza sura za viumbe vyenye roho: Siku ya Kiyama wataambiwa wazipulizie roho walivyovifanya, na hawataweza. Onyo hili ni hoja ya kifalsafa kamili. Linasema kati ya sura ya kiumbe na kiumbe chenyewe kuna kitu ambacho mkono wa binadamu haukifikii, na kwamba kujifanya umekifikia ni kosa dhidi ya Muumba. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alipoulizwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Kwa upande wa watoto, wanavyuoni wengi waliruhusu wanasesere kwa kutegemea hadithi za Bi Aisha, mke wa Mtume, aliyekuwa na wanasesere wake wa kuchezea. Katika mojawapo Mtume anamwuliza kuhusu farasi mdogo wa nguo mwenye mbawa mbili, naye Aisha anamjibu kwa kumtajia farasi wa Nabii Sulayman waliokuwa na mbawa; Mtume akacheka. Farasi huyo hakuwa nakala ya farasi yeyote. Alikuwa farasi pamoja na alichokisikia mtoto.

Mchoro mmoja unaihusisha imani na utazamaji kwa namna ya pekee. Uko katika Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, London, na ni wa pundamilia, kazi ya Ustadh Mansur, mchoraji wa ikulu ya Mfalme Jahangir wa Dola ya Mughal nchini India, wa mwaka 1621. Mnyama huyo aliletwa kutoka Uhabeshi. Katika kumbukumbu zake Jahangir anaeleza kwamba kwa ajabu ya ile mistari, wapo walioshuku kuwa amepakwa rangi. Uchunguzi ukafanywa, ikathibitika kwamba mwenye kazi ile ni Muumba wa ulimwengu. Mansur akaamriwa amchore. Mpangilio wa mambo katika kisa hiki unastahili kuelezwa watoto polepole: watu waliona maumbile wakadhani ni sanaa, walipohakikisha ni maumbile, wakaagiza sanaa. Mansur hakuweka msitu wala mandhari ya kupendeza nyuma ya mnyama. Kuna pundamilia wa ubavuni, amefungwa kamba, na mistari imefuatwa mmoja mmoja kuanzia puani hadi kwatoni, ikionesha jinsi inavyonyooka shingoni na kupinda kwenye paja. Kwa Jahangir, kutazama kwa uangalifu kiasi hicho hakukugongana na ibada. Kurani yenyewe katika sura ya Al-Ghashiya inayaelekeza macho ya msikilizaji kwa ngamia, mbingu, milima na ardhi. Katika Agano la Kale kitabu cha Ayubu kinafanya karibu vivyo hivyo, kikimhoji mwanadamu kuhusu mbuni, farasi na tai hadi anyamaze.

Mahali ambapo wachongaji waliacha sura za wanyama, maumbile hayakuondoka. Milango ya Unguja Mjini na Lamu ni shule nzuri ya jambo hili, na mingine imehifadhiwa kwenye makumbusho. Fremu zake hujaa maua ya yungiyungi, mitende, minyororo, mawimbi na mara nyingine samaki aliyerahisishwa hadi kubaki mstari na magamba. Waongozaji huwaeleza wageni kwamba samaki ni riziki na uzazi, mtende ni neema, mnyororo ni ulinzi. Maelezo hayo hupokewa haraka na watoto, na hatari yake ni hiyohiyo: mtoto akishajua samaki ni riziki, haangalii tena samaki alivyochongwa. Ni afadhali aulizwe kwanza jani lile ni la mti gani. Atatafuta, na hatalipata, kwa maana si la mti wowote. Ndipo aanze kufuata shina kwa kidole, bila kugusa mbao, aone jinsi linavyogawanyika, jinsi jani la kushoto linavyofuatwa na la kulia, jinsi ua linavyorudi baada ya nafasi ileile. Kilichochongwa pale ni kanuni ya kukua. Mtakatifu Thomas wa Aquino, mwanateolojia wa karne ya 13, alishikilia kwamba sanaa huiga maumbile katika namna yanavyotenda kazi, na hajawahi kupata mfano bora kuliko mchongaji anayeotesha mzabibu kutoka chini ya fremu hadi juu bila kuwa na mzabibu mbele yake.

Kwa hiyo maumbile hupatikana katika sanaa kwa njia mbili zilizo tofauti: kama sura ya kiumbe fulani na kama utaratibu wa uhai. Ziara nyingi za watoto hushughulikia ya kwanza tu, kwa sababu ni rahisi kuihesabu. Mtoto hupewa karatasi yenye orodha ya wanyama na kalamu ya kuweka alama, naye hukimbia kutoka ukuta hadi ukuta akiwinda. Anaporudi amepata kila kitu na hajaona chochote.

Dawa ya mbio hizo ni kitu kidogo kisicho na mnyama ndani yake. Mwaka 1503 Dürer yuleyule wa kifaru alichora kwa rangi za maji kipande cha ardhi chenye magugu: nyasi, dandelioni zilizofumba maua yake, majani mapana, mizizi ikionekana ndani ya udongo uliolowa. Mchoro huo uko Albertina mjini Vienna, pamoja na ule wa sungura mwitu wa mwaka 1502, ambaye ndani ya jicho lake kumechorwa mwangaza wa dirisha. Karatasi hizi huumizwa na mwanga, hivyo huoneshwa kwa nadra, na mtoto anayefika pale mara nyingi hukuta nakala; Plato angekuwa na la kusema. Katika magugu yale hakuna kisa, hakuna ishara inayodai kufasiriwa, hakuna ua lililofunguka. Macho ya mchoraji yako chini sana, karibu na ardhi, sawa na ya mdudu au ya mtoto aliyelala kifudifudi. Mtoto hatambui jambo hilo kwa kuambiwa. Aulizwe Dürer alikuwa amekaa vipi alipoyatazama, na pengine aruhusiwe kujilaza sakafuni ajaribu. Halafu aulizwe ni majani ya aina ngapi, na lipi liko mbele ya lipi. Kila swali humrudisha kwenye picha badala ya kumtoa.

Njia hii ina watetezi wenye uzoefu. Mwanasaikolojia Abigail Housen na Philip Yenawine, aliyeongoza elimu katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, walijenga ufundishaji mzima juu ya maswali matatu: kuna nini kinachoendelea katika picha, umeona nini kinachokufanya useme hivyo, na nini zaidi tunaweza kukiona. Swali la katikati ndilo lenye nguvu. Linamfunza mtoto kuwa kauli kuhusu kinachoonekana hudai sababu, na hiyo ndiyo adabu ya mwanasayansi na ya shahidi mwaminifu mahakamani. Udhaifu wa njia hii ni kwamba peke yake haimtoi mtoto nje ya picha. Kuhusu nyasi za Dürer, mtoto atasema mengi mazuri bila kujua nyasi hushikwaje na udongo. Mwongozaji hana budi kuleta pia maarifa yake, kwa kiasi, na kwa wakati ambapo mtoto ameyatamani.

Michoro ya maua ya Uholanzi ya karne ya 17 inaonesha kwa nini maarifa hayo yanahitajika. Rachel Ruysch na wenzake walichora mashada yenye waridi, tulipu na maua mengine mengi, kila petali ikiwa na umande na kila jani likiwa na tundu la kiwavi. Mtoto ataapa kwamba hii ndiyo picha ya kweli kuliko zote. Lakini maua ya namna hiyo hayachanui kwa majira mamoja. Hakuna siku ambayo shada lile lingeweza kukusanywa. Kila ua ni kweli na shada zima ni uzushi. Kando yake yafaa kuwekwa kazi ya Maria Sibylla Merian, aliyesafiri hadi Suriname mwaka 1699 akiwa na binti yake, na mwaka 1705 akachapisha kitabu kikubwa cha wadudu wa huko. Merian naye alikusanya katika ukurasa mmoja mambo yasiyotokea kwa wakati mmoja, yaani kiwavi, bundo, kipepeo na mmea wanaoula. Ruysch aliunganisha nyakati ili kupata uzuri, Merian aliziunganisha ili kuonesha maisha ya kiumbe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watoto wa miaka tisa au kumi huielewa tofauti hii vizuri, na kutoka hapo wanaweza kuzungumza kwa akili kuhusu ni lini picha inasema kweli.

Mtoto wa Afrika Mashariki ana hazina yake karibu zaidi katika michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, akitumia vibao vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na akafariki mwaka 1972. Mnyama wake huijaza picha hadi ukingoni, mara nyingi akiwa peke yake, macho yakimkabili mtazamaji, nyuma kukiwa na rangi moja tupu. Baada yake walikuja wachoraji wengi, na soko la watalii likawataka tembo, chui na Kilimanjaro kwa wingi. Mtoto akilinganisha chui wa fundi wa mwanzo na wa kibandani leo, aulizwe ni yupi kati yao ambaye mchoraji alimfikiria kwa muda mrefu zaidi, na anajuaje. Ni swali la haki kwa sanaa hiyo, inayodharauliwa upesi na watu wanaoiona kila siku. Tena litamfanya mtoto agundue kwamba ndege waliochanganywa shingo na mbawa kwenye Tingatinga nyingi ni utafiti wa mstari, jinsi ulivyo mlango wa Lamu.

Aina moja ya vionyesho huleta tatizo la peke yake, nayo ni mnyama aliyekaushwa. Katika Makumbusho ya Historia ya Maumbile ya Marekani, New York, kuna ukumbi wa wanyama wa Afrika uliofunguliwa mwaka 1936 na kupewa jina la Carl Akeley, fundi wa kukausha wanyama. Sokwe wakubwa wa Kivu wamesimama kwenye majani yaliyotengenezwa kwa mikono, na nyuma yao mandhari ya milima imechorwa ukutani kwa ustadi unaoficha mahali sakafu inapokutana na ukuta. Akeley mwenyewe alikwenda Kongo mwaka 1921 na kuwaua baadhi yao kwa ajili ya onesho. Safari hiyo ikamgeuza. Akaanza kuomba walindwe, na mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji akatangaza hifadhi ambayo leo ni sehemu ya Virunga. Akeley alifariki mwaka 1926 katika miteremko ya mlima Mikeno huko Kongo na kuzikwa hukohuko. Je, kilichomo nyuma ya kioo ni maumbile au ni sanaa? Ngozi ni ya sokwe, na mkao ni wa mchongaji. Mtoto atauliza kama ni wa kweli, kisha atauliza kama aliuawa. Ajibiwe maswali yote mawili bila kupambwa. Kumficha la pili ni kumwambia kwamba kuona hakuna gharama, na katika ukumbi ule gharama ndiyo sehemu kubwa ya historia.

Nairobi kuna jibu tofauti kwa swali lilelile. Ahmed, tembo wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia ardhi, aliwekwa chini ya ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, akafa mwaka 1974. Sanamu yake ya faiba, ya ukubwa wake kamili, imesimama kwenye Makumbusho ya Taifa. Haina ngozi wala mfupa wa tembo. Ni sura tupu kabisa, kwa kipimo cha Plato, na mtoto anayesimama chini ya pembe zile hujua kuliko filamu yoyote ingemweleza tembo mzee ana urefu gani. Mifupa ya Ahmed nayo imehifadhiwa na makumbusho hayohayo, hivyo mwalimu anaweza kuuliza ni kipi kati ya viwili hivyo ndiye Ahmed. Hakuna haja ya kuharakisha jibu.

Ubishi unaobaki ni kama mtoto angefaa kwenda makumbusho kabisa. Jean-Jacques Rousseau, katika Émile wa mwaka 1762, alitaka mwanafunzi wake achore nyumba kutoka kwenye nyumba na mti kutoka kwenye mti, asinakili michoro ya wengine, ili apate jicho sahihi na mkono mwepesi. Immanuel Kant, mwaka 1790, alisimulia juu ya mwenye nyumba ya wageni aliyemficha kijana kichakani apige filimbi ya tete kwa kuiga ndege mwimbaji wa usiku. Wageni walifurahi hadi walipojua. Baada ya hapo hakuna aliyestahimili kuusikiliza wimbo uliokuwa mtamu dakika moja kabla. Kant alijifunza hapo kwamba upendo wa maumbile hudai kwamba yawe maumbile kweli.

Wote wawili wana haki, na hakuna kati yao anayeipinga picha iliyotundikwa waziwazi ukutani. Kijana wa kichakani alidanganya, fremu haidanganyi. Rousseau alikataza kunakili, na mtoto anayetazama magugu ya Dürer hanakili akipelekwa saa hiyohiyo bustanini na karatasi, atafute gugu lake, na alichore kutoka usawa wa ardhi. Mpangilio unaofaa zaidi ni wa kwenda na kurudi: nje kwanza, kwa ajili ya sharti la Aristotle, ili mtoto awe na kitu cha kutambua, ndani, mbele ya kazi mbili au tatu na si ishirini, nje tena na penseli. Picha za simu zisubiri hadi mwisho, kwa kuwa mkono unaochora hulazimisha jicho libaki, na kitufe hukiruhusu kitu kiondoke. Makumbusho yasiyo na bustani yanaweza kutumia mti mmoja wa barabarani.

Mahali pengine mpangilio huu hauna mlango wa kuvuka. Kwenye michoro ya miambani ya Kondoa nchini Tanzania, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, twiga, tembo, pofu na watu warefu wembamba wamechorwa kwa rangi nyekundu kwenye mapango zaidi ya 150, na mtoto akigeuza kichwa anaona mabonde yaleyale walikotembea wanyama hao. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili michoro mingi huko Kolo na maeneo ya jirani katika miaka ya 1950. Wenyeji wa baadhi ya maeneo haya wangali wanayatumia mapango kwa matambiko ya mvua na uponyaji, kwa hiyo darasa linalofika pale linaingia mahali pa ibada, na wazee wa eneo waulizwe kabla. Watoto waelezwe pia kwamba michoro hairuhusiwi kumwagiwa maji ili ing'ae kwenye picha, desturi iliyoharibu michoro ya miambani sehemu nyingi za Afrika. Wasimame mbali kiasi, jua likiwa upande, na wangoje macho yazoee mwamba. Wanyama huanza kuonekana baada ya muda, wa juu kwanza, kisha wale waliochorwa chini yao na watu wa zamani zaidi.